Anayezuiliwa kwa deni harudi nyumbani peke yake

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu wa Ibanda aliyeandika juma lililopita kuhusu antibiotiki zinazouzwa rejareja katika soko la Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, amesema kweli. Mimi naishi Kadutu, sinia hizo naziona kila asubuhi: amoksisilini, tetra ya rangi mbili, sipro, zimepangwa juani pamoja na viwembe na betri. Mtu ananunua vidonge vinne, anakunywa viwili, kuhara kukipungua vilivyobaki anamwekea mtoto. Lakini ndugu yetu ameishia hapo sokoni, utadhani vijidudu sugu, visivyouawa tena na dawa, vinazaliwa Kadutu na kazi yao ni kupanda kwenda hospitali tu. Mimi ni fundi wa maabara. Vipimo vinavyopita mkononi mwangu vinatoka hospitalini na vinatoka mitaani, na ninachokiona ni njia ya kwenda na kurudi. Katika kurudi huko kuna jambo ambalo sijaona gazeti likiligusa: wagonjwa waliokwisha kupona ambao hospitali inawazuia kwa sababu hawajalipa.

Nieleze kwanza ninachokiona. Mkojo wa mgonjwa tunauotesha juu ya jeli. Vijidudu vikiota, tunavipaka kwenye kisahani kingine, tunaweka juu yake viduara vidogo vya karatasi, kila kimoja na dawa yake, halafu kisahani kinalala kwenye joto la nyuzi 37. Kesho yake nachukua rula. Dawa inayofanya kazi huwa imezungukwa na uwanja mtupu, hakuna kilichoota, nami napima upana wake kwa milimita. Isiyofanya kazi, vijidudu vinaota mpaka vinagusa karatasi yenyewe. Miaka ya nyuma, seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, ikiguswa namna hiyo nilikuwa nakisia bila kusoma fomu kwamba mkojo ni wa mtu aliyelazwa, tena mwenye mpira wa mkojo. Siku hizi naiona kwa mwanafunzi aliyeteremka kwa miguu kutoka mtaa wa Cimpunda, ambaye hajawahi kulala hospitali hata usiku mmoja. Nikimuuliza kama kuna mtu wa kwao aliyelazwa karibuni, mara nyingi yupo. Kaka, shangazi, mama mkubwa.

Wala si macho yangu tu. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti juu ya mikojo ya watu wa hapa hapa Bukavu, waliolazwa na waliotoka majumbani, na ndani yake zilikutwa bakteria za E. coli na Klebsiella zenye kimeng'enya kinachozivunja dawa za jamii ya seftriaksoni. Vijidudu hivi makao yao ni utumbo. Mtu anaweza kuvibeba miezi mingi, anakula vizuri, anafanya kazi, haumwi kitu. Na usugu wenyewe umeandikwa kwenye kipande kidogo cha DNA kiitwacho plasmidi, ambacho kijidudu kimoja humpa mwenzake nakala yake, kama jirani anayemchongea jirani ufunguo, hata kama hawatoki ukoo mmoja. Klebsiella iliyotoka hospitalini si lazima imuumize mtu wa kwenu. Inatosha ikutane na E. coli ya kawaida iliyomo tumboni mwake.

Hospitalini vinapatikanaje kwa wingi? Hilo wauguzi wenyewe wanalijua. Karibu kila anayelazwa anaanzishiwa seftriaksoni, dawa ambayo Shirika la Afya Duniani tangu 2017 limeiweka katika kundi la kutumiwa kwa tahadhari. Daktari haombi kipimo kwa sababu anajua familia itashindwa kukilipia, nami simlaumu sana. Vijidudu dhaifu vinakufa, sugu vinabaki na nafasi yote. Halafu maji yakikatika, garde-malade, yaani ndugu anayemuuguza mgonjwa, anateka kwenye kidumu, anamwosha mgonjwa, anasuuza beseni lile lile, anamsaidia jirani wa kitanda cha pili asiye na ndugu, kisha anawasha mbabula ya makaa na kusonga bugali. Nani amempa sabuni? Nani amemwambia chochote?

Sasa mchukue kijana motari, dereva wa pikipiki ya abiria, aliyevunjika mguu barabarani pale Feu Rouge. Amepasuliwa, kidonda kimefunga, daktari ametia saini: aende nyumbani. Fakitire, yaani bili ya hospitali, inatoka, familia haina pesa. Basi haendi. Kitanda wanamnyang'anya kwa sababu kuna mgonjwa mpya, anahamishiwa kwenye chumba cha mwisho cha paviyo, jengo la wodi, pamoja na wenzake wenye deni, magodoro chini, wengine wawili kwa godoro moja. Choo ni kile kile cha wagonjwa wenye vidonda vya usaha. Mlangoni kuna mlinzi. Mama yake analeta chakula na anazunguka kanisani, kwa wajomba, kwenye likelemba, kile kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, mpaka pesa zipatikane. Inaweza kuchukua majuma, na nimesikia ya miezi. Muda wote huo hatibiwi kitu. Anayoyapata pale ni vijidudu vya pale. Wapo wanaotoroka usiku, na hao hawarudi kamwe kuangaliwa mguu.

Siku anapotoka, watu wanampokea kwa shangwe. Anarudi kwenye mtelemko ambapo ukuta wa nyumba moja ndiyo njia ya jirani, choo kimoja familia nne, maji ya kununua kwa kidumu, kwa hiyo kunawa mikono ni hesabu. Anabeba mtoto wa dada yake. Mvua ikinyesha kilichoko chooni kinashuka mpaka kwa watu wa chini, na mwishoni kinaingia ziwani. Hapo mwanafunzi wa Cimpunda ninamwelewa.

Ndugu yangu wa Ibanda aliuliza kwa hasira kwa nini watu hawaendi hospitali badala ya kununua vidonge vinne. Wanaogopa kuzuiliwa! Kila avenue, kila mtaa, ina mtu aliyefungiwa kwa fakitire, na habari zake zinajulikana. Mama mwenye mtoto wa homa anapima: hospitali inaweza kumchukua mtoto na kumkalia mpaka alipiwe, sinia ya sokoni haimkalii mtu. Ananunua dawa nusu, homa inarudi na nguvu, mwishowe mtoto anafikishwa hospitali amezidiwa na tumboni ana vijidudu vilivyokwisha kuzizoea dawa za kwanza. Anaanzishiwa seftriaksoni. Sinia na chumba cha wadeni vinalishana, na anayeishambulia sinia peke yake atachoka bure.

Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 usugu huu uliua moja kwa moja watu zaidi ya milioni 1.2 duniani, na kwamba Afrika kusini mwa Sahara ndiko ulikoua zaidi kulingana na idadi ya watu. Siku hizi semina za jambo hili hazikosi, na mabango yake ni mazuri. Sijaona bango linalomtaja mdeni.

Najua jibu la wakurugenzi, maana nimelisikia uso kwa uso: hospitali inaishi kwa pesa ya mgonjwa, serikali haitoi kitu, bila fakitire hakuna mafuta ya jenereta wala marupurupu ya wauguzi. Ni kweli. Marupurupu yangu mwenyewe, nilipokuwa maabara ya hospitali, yalitoka humo humo. Lakini mtu aliyefungiwa hapati pesa. Motari aliyelala chini haendeshi pikipiki, na mama yake ameacha meza yake ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni ili amletee chakula. Deni linaweza kuandikwa, likatiwa saini na mkubwa wa avenue au mchungaji, likalipwa kidogo kidogo. Hospitali ndogo za misheni nimeziona zikifanya hivyo na hazikufa. Kwa akina mama wa kujifungua serikali ilianzisha uzazi bila malipo, ikianzia Kinshasa 2023. Motari, mwenye kuungua moto, mwenye utumbo uliotoboka kwa tifoidi, hao mpango wao uko wapi?

Na kama kuzuia hakuachwi leo, basi mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. Wadeni wasilazwe paviyo moja na wenye usaha. Na karatasi ya kutokea iandikwe kijidudu kilichoonekana kwenye kipimo, kama kipimo kilifanyika, ili mgonjwa akienda kituo kingine baada ya miezi mitatu waanze na dawa inayofaa. Sasa hivi anaambiwa tu "umepona", na jibu la maabara linabaki kwenye faili ambalo nalo, kusema kweli, limezuiliwa mpaka deni lilipwe.

Kwa mkurugenzi atakayesema natunga, nina ombi. Atume mtu apitishe pamba kwenye kitasa cha choo na kwenye magodoro ya chumba cha wadeni, na nyingine kwenye vitanda vya upasuaji. Patron wangu, mwenye maabara, amekubali tuzioteshe bila malipo, na jina la hospitali halitaandikwa popote isipokuwa kwenye bahasha yake. Azilete asubuhi, kabla ya saa nne. Majibu yanatoka baada ya siku mbili au tatu.

Fundi wa maabara,
Kadutu, Bukavu