Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mbuzi Tunao, Mabeberu Je?

Ndugu wanachama, Assalaamu alaykum.

Hesabu za ada na matumizi atazisoma mshika fedha, mimi sizigusi. Taarifa yangu inahusu kazi iliyochukua sehemu kubwa ya mwaka: kupima mbegu zetu za asili za mbuzi na kondoo hapa Pemba zimo katika hatari gani ya kupotea.

Barazani suali huwa ni moja. Mbuzi wamejaa maweni yote ya Micheweni, hatari iko wapi? Iko hapa: mbegu inaweza kupotea na mbuzi bado wamejaa. Wanaobaki ni chotara wa Boer, mbuzi wa nyama wa asili ya Afrika Kusini, au ni kizazi cha beberu mmoja aliyepanda mama, binti na mjukuu.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lina vipimo vyake kwa mbuzi na kondoo. Mbegu yenye majike wazazi 300 au chini yake, au madume wa kupanda 5 au chini yake, ipo mahututi. Ikivuka hapo lakini majike hawazidi 3,000, au madume hawazidi 20, imo hatarini. Majike wasiozidi 6,000, au madume wasiozidi 35, ipo mashakani. Liangalieni vizuri neno "au". Upande mmoja ukianguka unatosha, hata upande wa pili ukiwa umejaa. Na takwimu zikipitwa na miaka 10 mbegu huingizwa fungu la zisizojulikana. Katika ripoti ya shirika hilo ya 2015, asilimia 58 ya mbegu za mifugo duniani zilikuwa kwenye fungu hilo, na asilimia 17 ndizo zilizotajwa kuwa hatarini. Kwa maoni yangu fungu la zisizojulikana ndilo baya zaidi, kwa sababu halimtishi mtu.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, maana wengi waliomba ielezwe polepole. Zidisha 4 kwa idadi ya madume, kisha kwa idadi ya majike, halafu gawa kwa jumla ya madume na majike. Jibu ndilo idadi fanisi, yaani kundi linazaana kana kwamba lina wanyama wangapi tu. Ukitaka kujua damu inakaribiana kwa kasi gani kila kizazi, yaani undugu ndani ya kundi unazidi kwa kiasi gani, gawa 1 kwa mara mbili ya idadi hiyo.

Chukua mfano wa shehia yenye majike 200. Mabeberu wakiwa 20, idadi fanisi ni karibu 73, na damu inakaribiana kwa asilimia 0.7 kwa kizazi. Wakiwa 10, idadi inashuka hadi 38, nayo damu inakaribiana kwa asilimia 1.3. Wakiwa 4 tu, unapata chini ya 16, na asilimia inapanda hadi 3.2. Asilimia 3 kwa kizazi ni mahututi kwa kipimo cha shirika lile lile. Sasa waongeze majike hadi 1,000 na uwaache mabeberu wale wanne: idadi fanisi inabaki chini ya 16 vile vile. Kuongeza majike hakutibu upungufu wa mabeberu. Na hesabu hii inawachukulia mabeberu wote kuwa wanapanda sawa. Kijiji kikimgombania mmoja kwa sababu ya umbo lake, hali halisi ni mbaya kuliko karatasi inavyosema.

Mabeberu wanakwenda wapi? Wengi wanakwenda Mfunguo Tatu, mwezi wa Idd ya kuchinja. Kwa madhehebu yetu ya Shafi mbuzi wa udhiya, yaani wa kuchinjwa Idd hiyo, awe ametimiza miaka miwili na asiwe na kasoro. Umri huo ndio beberu anakuwa ameshajulikana watoto wake wakoje, na huyo asiye na kasoro ndiye aliyepaswa kubaki zizini. Tunachinja bora, tunapandisha waliobaki. Hakuna anayewaambia watu wasichinje. Mnyama aliyehasiwa anafaa kwa udhiya, ananenepa vizuri na nyama yake haina harufu ya beberu. Kwa hiyo mapema kabisa tuchague wawili watatu wa mbegu, na waliobaki tuwahasi kwa ajili ya Idd na akika.

Kuhasi kwa koleo la burdizo, lile linalobana mishipa bila kukata ngozi, kufanyike mtoto akiwa na miezi miwili hadi mitatu. Kila mshipa wa kende ubanwe peke yake, na alama ya upande wa kulia isikutane na ya kushoto. Ukibana moja kwa moja kutoka upande huu hadi ule, damu inakatika na mfuko wote unaoza. Kosa lililoonekana sana mwaka huu ni mshipa kuteleza nje ya meno ya koleo: mbuzi anahesabiwa kuwa amehasiwa, kumbe anapanda. Mkague baada ya wiki sita. Kende ziwe zimesinyaa zote mbili, na mpaka hapo asiwe pamoja na majike. Asiyehasiwa atengwe na mama yake na dada zake akifika miezi mitatu, kwani wa miezi minne au mitano anaweza kupanda.

Beberu wa mbegu naye asikae zizi moja zaidi ya mwaka. Mimba ni miezi mitano, na binti huweza kuingia joto akiwa na miezi sita hadi minane. Kwa hiyo mwaka ukitimia anakutana na binti yake mwenyewe. Kamati inapendekeza mzunguko: wa Konde aende Tumbe, wa Tumbe Wingwi, wa Wingwi Maziwa Ng'ombe, na wa Maziwa Ng'ombe arudi Konde.

Fomu za kuhesabu zilirudi na kasoro, na ni haki mzijue. Mbuzi wa kufuga kwa kugawana waliandikwa mara mbili: mwenye mali aliyeko Chake Chake aliwataja, na mfugaji aliyeko maweni naye akawataja. Fomu mpya inauliza analala wapi, na anaandikwa huko tu. Katika safu ya majike waliingizwa hadi watoto wanaonyonya. Kuanzia sasa tunatazama meno: jike mwenye meno mawili ya utu uzima, yaani amefika kama mwaka na robo, au aliyewahi kuzaa. Na safu ya "madume" imegawanywa tatu, waliohasiwa, wanaopanda na wadogo, kwa sababu jumla yao haikutuambia kitu. Imeongezwa pia safu ya jike kapandwa na beberu gani, wa kienyeji au wa kuletwa. Majike wanaopandwa na wa mbegu yao wakiwa chini ya asilimia 80, hatari huhesabiwa kuwa kubwa zaidi.

Kisiwa nacho kina hatari yake, maana mbegu yote ipo mahali pamoja. Uingereza mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulisababisha wanyama zaidi ya milioni 6 kuchinjwa, na kondoo wa Herdwick, ambao karibu wote wako kwenye milima ya eneo moja, waliponea chupuchupu. Sisi tunachokiogopa ni sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Tanzania mwaka 2008. Mbuzi anayeshushwa bandarini Wete kutoka Tanga atengwe siku 21 kabla hajachanganywa na kundi, hata akionekana mzima.

Kondoo sitawarefushia. Ni wachache mno, na hesabu yao ifanywe kwa kichwa, mmoja mmoja, na dume yeyote asiuzwe kabla kamati haijaarifiwa.

Mwaka ujao tutahesabu mara mbili, Shaabani na Mfunguo Nne, mwezi unaofuata ule wa Idd ya kuchinja, ili tofauti ya mabeberu baina ya hesabu hizo ionyeshe Idd imechukua wangapi. Fomu za hesabu ya Shaabani zipo kwa katibu. Zirejeshwe zikiwa na saini ya sheha kabla ya mwezi kuandama wa Ramadhani.