Fizi zilizotibiwa zipewe tarehe ya kurudi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie ugonjwa wa fizi. Mgonjwa anatoka Kondoa au Mpwapwa, anafika hapa Dodoma, anakwanguliwa ugaga, yaani uchafu mgumu ulioganda kwenye meno, damu inakoma, anarudi kwao akijua amepona. Kwenye kadi yake hakuna tarehe ya kurudi. Harufu na damu vikianza tena, anasema daktari alilipua kazi.

Mara nyingi daktari hakulipua. Dakika chache baada ya jino kusafishwa, mate hulivika utando usioonekana, na baada ya saa chache bakteria huanza kujishikiza juu yake. Usipoondolewa, madini ya mate huugeuza ugaga mgumu ndani ya siku chache hadi wiki mbili, na hapo mswaki hauuwezi tena. Chini ya ufizi ndiko kubaya zaidi: bakteria wasiopenda hewa, kama Porphyromonas gingivalis, huweza kujaa upya ndani ya wiki 4 hadi 8 kama usafi wa nyumbani ni hafifu. Hawatoki mbali. Hubaki kwenye ulimi, kwenye panda za mizizi ya magego, na kwenye mifuko ya fizi, yaani nafasi kati ya jino na ufizi, yenye kina cha zaidi ya milimita 5, ambako kifaa cha kukwangulia hakifiki sawasawa.

Kukwangua, basi, ni palizi ya kwanza tu. Wiki 6 hadi 8 baadaye mifuko ipimwe upya, jino kwa jino. Milimita 3 au pungufu bila damu, vizuri. Ikiwa 5 au zaidi na inatoa damu, ikwanguliwe tena au mgonjwa apelekwe kwa bingwa. Kisha asafishwe kila miezi 3, angalau mwaka wa kwanza. Mwenye kisukari na mvuta sigara wasiharakishwe kurefushiwa muda huo wa kurudi. Sigara hupunguza kutoka damu kwa fizi huku mfupa ukiendelea kuliwa, kwa hiyo mvutaji hujiona mzima.

Nyumbani, mswaki uwe laini, nywele zake zilale pale jino linapokutana na ufizi, dakika 2 asubuhi na usiku. Lakini mswaki haupiti katikati ya meno, na ugonjwa hupenda kuanzia huko. Itumike brashi ndogo ya katikati ya meno, yenye unene unaogusa meno ya pande zote mbili bila kulazimishwa. Damu ikionekana siku za mwanzo, endelea taratibu. Wengi huacha hapo, na utando unapata nafasi ya kukomaa.

Dawa ya kusukutua ya klorheksidini asilimia 0.2, mililita 10 kwa dakika 1, mara mbili kwa siku, itumike wiki 2 tu. Iachane na dawa ya meno kwa nusu saa, maana povu lake huidhoofisha. Hata hivyo haishuki ndani ya mfuko wenye kina. Vidonge vya metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, vinavyonunuliwa dukani kila fizi zikivimba vinatusikitisha zaidi: utando usipokwanguliwa, dawa haiupenyi vya kutosha, na bakteria wanaobaki hujenga usugu.

Tunaziomba kliniki za meno ziandike kwenye kadi kina cha kila mfuko na tarehe ya kurudi, kabla mgonjwa hajashuka kwenye kiti.

Wataalamu wa afya ya kinywa na meno,
Dodoma