Mjukuu wangu hana utundu

Ndugu Mhariri,

Nauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, sokoni Kadutu, hapa Bukavu. Mjukuu wangu ana miaka 5. Hakuna aliyemfundisha kusoma; alijifunza herufi kwenye mifuko ya unga. Mteja akichukua vikombe 3 vya faranga 1500 kila kimoja na kutoa 5000, mtoto hunong’ona, “Bibi, rudisha 500,” kabla sijahesabu. Juzi aliniuliza: maji ya Kivu yanatoka kila siku kwa mto Ruzizi, mbona ziwa haliishi? Nikamwambia kuna mvua na mito inayoingia. Hakuridhika. Akataka kujua mito mingapi.

Shuleni amepigishwa magoti mara mbili. Anamaliza kazi mapema, anaanza kuzunguka na kuuliza maswali, basi anaitwa mtundu. Iliniuma sana. Mwalimu ana watoto wengi, naelewa, lakini ampe hesabu ngumu zaidi, au kitabu.

Na si watoto wote wenye akili nyingi wako hivi. Wapo wakimya, wanaochora siku nzima au kufungua redio mbovu wajue inavyosema. Wasichana ndio tunawasahau kabisa, tunawatuma maji. Wazazi wenzangu, wasikilizeni.

Bibi muuza sambaza,
Kadutu, Bukavu