Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania: Riba imejificha kwenye ada na marejesho ya kila siku

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kuhusu mikopo ya kausha damu, yaani mikopo midogo ya mitaani yenye riba kubwa na marejesho ya kila siku. Najua Benki Kuu haijakaa kimya. Novemba 2024 mlifungia programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na sisi tulioona watu wakidhalilishwa kwa ujumbe uliotumwa mpaka kwa wakwe zao tulishukuru kwa dhati. Lakini mkopeshaji ninayemzungumzia leo hana programu ya kufungiwa. Ana daftari, pikipiki na vijana wa kukusanya, na jioni anapita mlango kwa mlango.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Kwa nafasi hiyo akina mama hunifungulia vitabu vyao vya marejesho, na ninachokiona humo kimebadilika. Zamani mtu alikopa mtaji: gunia la mkaa, ndoo ya dagaa, belo la mitumba. Siku hizi anakopa kodi ya chumba, kwa sababu mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo. Anakopa sare, madaftari na michango, maana ada imefutwa lakini mahitaji mengine ya mtoto yapo palepale. Anakopa dawa. Na wapo wanaokopa ili nyumbani pawe na chakula. Mtaji ukizunguka huleta pesa ya kurejesha. Unga hauleti. Ukishaliwa umekwisha, na rejesho la kesho linasubiri.

Taarifa zenu zinaonesha mfumuko wa bei umekaa chini ya asilimia 5 kwa miaka kadhaa mfululizo. Sibishani na takwimu hizo. Ila bei kupanda polepole bado ni kupanda, na anayefua nguo za watu au kuuza chapati hana mwajiri wa kumwongezea mshahara ili aendane nazo. Kinachopungua hapo anakijazia kwa mkopo.

Naomba nikuwekee hesabu moja, ya mfano, kwa mtindo uleule unaotumika mitaani. Mama anaomba shilingi 100,000 za mwezi mmoja. Kabla hajakabidhiwa anakatwa 10,000, inaitwa fomu na bima. Anaondoka na 90,000. Kuanzia kesho yake anarejesha 4,000 kila siku kwa siku 30, jumla 120,000. Ameshika 90,000, amelipa 30,000 juu yake. Na hata hiyo 90,000 hakukaa nayo mwezi mzima, kwa sababu siku ya 15 ameshatoa 60,000. Kwa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi mliouweka ninyi, riba ya laki moja ni 3,500. Ukimuuliza anayekopesha atakujibu riba yake ni ndogo, hizo nyingine ni ada. Ukimuuliza mama, atakwambia "ni buku nne tu kwa siku". Hakuna aliyemwonesha ile 120,000 kwa pamoja, na siku akiikosa hiyo buku nne anapigwa faini, kisha anakwenda kukopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Nimeona mtu mmoja na vitabu vya wakopeshaji watatu kwenye mkoba mmoja, kila kimoja kikilipia mwenzake.

Akishindwa kabisa, wanakuja kutoa vyombo. Wanabeba godoro, televisheni na mtungi wa gesi, mchana kweupe, watoto wanaangalia. Mara nyingi mume ndiyo anasikia habari za deni siku hiyo. Ndoa zinavunjika hapo, Mheshimiwa, na wapo wanaohama mtaa usiku wakaacha watoto kwa bibi.

Kwa wastaafu na watumishi dhamana ni kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye anayetangulia kwenye mashine ya kutolea pesa, mwenye mshahara anapewa kilichobaki. Makato ya mikopo yanayopitia kwa mwajiri yana kanuni ya kumwachia mtumishi walau theluthi moja ya mshahara. Kadi ikishakuwa mfukoni mwa mtu mwingine, kanuni hiyo haimlindi tena.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ipo, na wakopeshaji wasiopokea amana imewaweka daraja la pili, chini ya usimamizi wako moja kwa moja. Sisi wa vikundi tuko daraja la nne, tunasajiliwa kupitia halmashauri, na riba tunayotozana inaturudia wenyewe tunapogawana mwisho wa mzunguko. Kwa hiyo sisemi mikopo midogo ifutwe. Bila mikopo hiyo wengi wetu tusingekuwa na hata meza ya biashara.

Ninachoomba ni kwamba ada, fomu, bima na faini zote zihesabiwe ndani ya ukomo wa riba, zisiachwe pembeni. Mkataba uanze na mstari mmoja wa Kiswahili, kwa shilingi: unapokea kiasi hiki, utalipa kiasi hiki. Mama wa darasa la saba anausoma mstari huo bila msaada wa mtu. Kushikilia kadi ya benki ya mkopaji kuwe sababu tosha ya kufutiwa leseni. Na orodha ya wenye leseni, ambayo sasa mtu anaitafuta kwenye tovuti yenu, ibandikwe kwenye ofisi ya kila serikali ya mtaa na kijiji, ikiwa na namba ya simu inayopokelewa. Halmashauri zinazotusajili sisi zinaweza kuifikisha huko.

Wakaguzi wako wakija, tafadhali wasiishie kwenye ofisi ya mkopeshaji, kwani makaratasi ya pale yamekaa sawa. Waje mtaani saa kumi na mbili jioni, muda wa marejesho, waombe kuona vitabu walivyonavyo akina mama. Kikundi chetu kiko tayari kuwapokea na kuwatembeza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa