Taa ya chumvi ikiwaka, usikimbilie gunia

Wiki iliyopita mama mmoja wa Munyonyo, Kampala, alitupigia simu sisi mafundi wa mabwawa ya kuogelea akiwa moto. "Nyinyi mmekula pesa yangu. Mlisema bwawa la chumvi halina habari za klorini. Sasa maji yamegeuka kijani, taa ya kudai chumvi imewaka, mashine imejizima, na magunia sita ya chumvi nimeshamwaga!" Ni simu ya nne ya aina hiyo tangu Krismasi, ndiyo maana tumekaa tuandike, angalau mwenye bwawa jipya asome kabla hajatutukana.

Tulichomwambia, na karatasi ya makabidhiano anayo, ni kwamba hatanunua klorini ya ndoo. Hatukusema bwawa halitakuwa na klorini. Mashine inapitisha umeme kwenye maji ya chumvi, klorini inatengenezwa mle mle ndani ya seli (kile kijumba chenye bamba ambamo maji hupitia), inaua vijidudu, halafu inarudi kuwa chumvi. Kwa hiyo chumvi haiishi kama sukari ya nyumbani. Jua likikausha maji, chumvi inabaki. Inayopotea ni ile inayotoka pamoja na maji: watoto wakirusharusha, chujio likioshwa, bomba likivuja, au mvua ya Aprili ikilifurisha bwawa. Bwawa zima linaweza kukaa miezi bila kudai hata kilo moja.

Tulipofika Munyonyo, kijana wa bustani alikuwa amekumbatia gunia la saba. Tukamwomba aliweke chini. Bwawa lile ni mita 60 za ujazo. Mashine nyingi za nyumbani zinataka chumvi karibu miligramu 3,200 kwa lita, yaani kilo tatu na kidogo kwa kila mita ya ujazo. (Bahari ina karibu 35,000, kwa hiyo anayedhani macho yatawasha kama amepiga mbizi Mombasa atulie.) Kipimo chetu kilitoa 5,600. Tukarudia, kikatoa 5,600. Ukitoa kilo 150 alizomwaga, ambazo katika bwawa lile ni 2,500, chumvi ilikuwa 3,100 tangu mwanzo. Haikuwa na kasoro yoyote.

Mbona taa iliwaka? Tulifungua seli, tukaielekeza kwenye mwanga. Kati ya bamba na bamba kulikuwa na ukoko mweupe, ule ule unaoukuta chini ya birika la zamani. Seli ikivaa ukoko, umeme haupiti vizuri, na mashine inayokisia chumvi kwa kupima umeme unaopita inadhani chumvi ni kidogo. Na ukoko haukuja wenyewe. pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (ikipanda, asidi imepungua), ilikuwa 8.2, na kwa unene wa ukoko ule, ilikuwa hivyo kwa wiki nyingi.

Hapa ndipo mwenye bwawa jipya anapotakiwa kutega sikio. Katika bwawa la chumvi kinachokusumbua kila wiki ni pH, maana haitulii, inapanda. Seli inatoa mapovu, mapovu yanafukuza hewa ya kaboni iliyo ndani ya maji, na pH inakwea. Ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini yako iko katika hali yenye nguvu ya kuua. Ikifika 8, inabaki karibu robo. Ndiyo unapata maji ya kijani wakati kipimo kinasema klorini ipo. Bwawa lililopigwa plasta juzi ni balaa zaidi, kwa sababu saruji mbichi inaipandisha pH kwa kasi. Kwenye plasta mpya sisi hatutii chumvi mpaka mwezi upite, na mwenye haraka tunamwacha atafute fundi mwingine.

Dawa ni asidi, kidogo kidogo, pampu ikiwa inazunguka, kisha unasubiri na kupima tena. Lenga 7.4 hadi 7.6. Kabla ya hapo angalia alkaliniti, kwa sababu ndiyo inayoishikilia pH. Ikiwa juu sana, utamwaga asidi leo na keshokutwa uko pale pale. Sisi tunapenda iwe kati ya miligramu 80 na 100 kwa lita.

Hata kupima kwenyewe watu wanafanya kwa mzaha. Maji wanayachota juu juu, tena karibu na tundu linalorudisha maji kutoka kwenye seli. Zamisha chupa mpaka kiwiko kilowe, mbali na tundu hilo. Mzee mmoja wa Naguru alikuwa akipima klorini kila asubuhi kwa vidonge, maji kwenye kichupa hayabadiliki rangi, naye anapandisha mashine. Siku ya tano kaptula ya mjukuu ikapauka. Tulichukua maji yale yale, tukayachanganya na maji safi ya chupa, tukapima tena: waridi kali. Klorini ilikuwa nyingi kiasi cha kuifuta rangi ya kipimo chenyewe. "Kumbe nilikuwa nasoma sifuri ya uongo," akasema, na tangu siku ile anapima vizuri kuliko vijana wetu wawili.

Stabilaiza nayo, dawa inayoikinga klorini na jua, usiisahau. Hapa tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na bila hiyo jua linaimaliza klorini ndani ya saa chache, seli ikihangaika bure mchana kutwa. Umeme ukikatika ndiyo kabisa, hakuna kinachotengenezwa.

Sasa bei, maana najua ndiyo mnayosubiri. Tunatoza shilingi 250,000 kwa mwezi kwa ziara moja kila wiki, kemikali kando. Mtaani yupo wa bei ya chini, anakuja na boda, anatia kikombe cha kitu, anaondoka. Hatushindani naye. Lakini kuna mteja wa Bunga aliyeruhusu fundi wa namna hiyo akwangue ukoko wa seli kwa bisibisi. Bamba zile ni titani iliyopakwa utando mwembamba, na utando ndio unaofanya kazi. Ukikwanguka, umenunua seli mpya, na bei yake inakaribia ziara zetu za mwaka. Seli inalowekwa kwenye asidi iliyozimuliwa, asidi ikitiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, mpaka mapovu yakome. Basi. Mwingine wa Entebbe alileta chumvi ya ziwa Katwe kwa kuwa ni rahisi. Ng'ombe wanaipenda, lakini haijasafishwa, na bwawa lake lilikuwa na rangi ya chai ya rangi kwa wiki mbili.

Kwa mama wa Munyonyo hapakuwa na dawa ya chumvi iliyozidi isipokuwa kuimwaga pamoja na maji. Tulitoa karibu mita 25 za ujazo, akajaza upya kwa maji ya mita, na bili akaiona. Seli tulimsafishia bila malipo, pH tukaishusha kwa siku tatu. Gunia la saba halikufunguliwa. Liko stoo, tumeliandika kwa kalamu nyeusi "pima kwanza", na kijana wa bustani ameambiwa asiliguse mpaka mvua za Machi zifurishe bwawa na sisi tuje na kipimo.