Risala ya Wanafunzi wa Kijiji cha Nyumbani, Kitui, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mapadre na masista, wasimamizi wa kijiji, walimu wetu, akina susu na mababu zetu, wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Karibu Kwa Vonza. Shule nyingine siku kama hii huita akina mama na akina baba. Sisi tumewaita nyanya zetu, ambao kwa Kikamba ni akina susu, na ndio hao walioketi mbele yako na vyondo vyao mapajani. Baadhi yao wameamka alfajiri kukupikia muthokoi.

Mheshimiwa, Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti kutoka Marekani aliyekuwa daktari kabla ya kuwa padre, alianzisha makao ya Nyumbani jijini Nairobi mwaka 1992 akiwa na Sista Mary Owens. Yalikuwa ya mayatima wenye virusi vya Ukimwi, na miaka ile wengi walizikwa kabla ya kufika darasa la kwanza. Dawa zilipopatikana watoto wakakua, wakataka kusoma, na shule za umma zikawakataa. Nyumbani wakaenda mahakamani. Mwaka 2004 ikakubaliwa kwamba wapokelewe kama watoto wengine. Sisi tunaokaa madawatini bila kuulizwa habari za damu yetu tunamshukuru padre kwa kesi ile kuliko hata kwa majengo.

Ukimwi ulichukua kizazi cha katikati. Ukabakiza wazee wasio na wa kuwatunza, na watoto wasio na wa kuwalea. Padre akaona hao wawili wakae pamoja. Baraza la Kaunti ya Kitui la wakati huo likatoa ekari 1,000, na mpango ukawa wazee 100 na watoto 1,000. Alifariki Novemba 2006, kijiji kikiwa ndiyo kwanza kinaanza. Hakuiona miti hii ya mikau unayoiona ikifika urefu huu.

Nyumba moja ina susu mmoja na watoto kama kumi. Usiku, baada ya chakula, susu humimina vidonge vya wenzetu kwenye kiganja, na mmoja wetu husoma kibandiko kwa sauti: "Kimoja, baada ya kula." Susu husikiliza, kisha huhesabu tena kwa kidole, polepole, mpaka aridhike. Hajasoma, na macho yake yamepungua, lakini hakuna aliyewahi kulala bila dawa yake.

Ndiyo maana ombi letu la kwanza, mheshimiwa, ni la macho hayo. Tunaomba utusaidie tupate daktari wa macho aje hapa hapa kijijini, awapime na kuwapa miwani, maana kwa magoti yao safari ya gari ni adhabu. La pili ni la ndugu zetu wa chuo cha ufundi: anayehitimu useremala au ushonaji atoke na vifaa vya kuanzia kazi, siyo cheti peke yake.

Tumekuwekea kiondo. Aliyekisuka haoni uzi vizuri siku hizi, na ukikigeuza utaona mahali mistari imepinda. Alitaka kukifumua aanze upya, tukamzuia. Tafadhali kipokee kutoka mikononi mwake.

Ni sisi wanafunzi wa Kijiji cha Nyumbani.