Mbona mnayapiga mswaki mawe ya mto?

Sisi hupima usafi wa maji ya mito, na swali hili tunaulizwa karibu kila tunapoingia mtoni na mteja mpya. Anatarajia tuchote maji, tujaze chupa, tuondoke. Sisi tunaokota mawe.

Chupa ya maji haidanganyi, ila inajua ya dakika ile tu uliyochota. Mtu akimwaga maji taka usiku wa manane, kufikia asubuhi mkondo umeshayasomba na vipimo vinatoka vizuri. Utelezi ulioshika jiwe haukwenda popote. Ulikuwepo usiku ule, na wiki kadhaa kabla yake, na kila kilichopita kiliupitia.

Utelezi huo wa kahawia, ule unaokuangusha ukikanyaga vibaya, umejaa diatomu: mwani wa seli moja moja, kila seli ndani ya gamba la silika, kama kioo. Kila spishi ina maji yake. Nitzschia palea hustawi penye maji taka, pale ambapo nyingine haziwezi kuishi. Zipo pia zinazopungua mara fosforasi ya mbolea inapozidi. Kwa hiyo hatutafuti kama diatomu zipo. Tunatafuta ni zipi, na kwa wingi gani.

Tunachagua mawe yasiyopungua matano, mahali penye mkondo na mwanga, yaliyokaa chini ya maji kwa wiki nne hivi bila kukauka. Jiwe linasuuzwa kidogo kuondoa mchanga, linawekwa kwenye sinia, kisha tunasugua uso wake wa juu mpaka maji yageuke rangi ya chai. Mswaki ni mpya kila kituo. Hapo hatulegezi kamba, maana gamba la diatomu halina haraka ya kuoza: mswaki uliotumika jana unaweza kuleta mto wa jana kwenye sampuli ya leo.

Maabarani tunachemsha sampuli kwa haidrojeni peroksaidi hadi yabaki magamba matupu, kwa sababu spishi hutambuliwa kwa mistari na vitundu vya gamba. Ukiliangalia kwa hadubini inayokuza mara 1,000, utaona kitu kama mtumbwi mwembamba uliochanjwa chale kwa mpangilio. Tunahesabu nusu-magamba 400 hivi (kila gamba lina nusu mbili), moja baada ya jingine. Ndiyo maana majibu hayatoki siku hiyo hiyo.

Hesabu hiyo huingizwa kwenye fahirisi, yaani fomula inayoigeuza kuwa alama moja ya ubora wa maji. Fahirisi iitwayo IPS, iliyotoka Ufaransa mwaka 1982, huupa mto alama 1 hadi 20, na 20 ndiyo bora. Lakini hatukupi namba peke yake. Orodha ya spishi huambatana nayo, kwani namba inaweza kukupotosha. Achnanthidium minutissimum, kwa mfano, ina alama nzuri, lakini pia huwahi kushika mawe yaliyosuguliwa na mafuriko. Ndiyo sababu tunakuuliza mvua kubwa ilinyesha lini, na wakati mwingine tunakuomba usubiri. Tukikuta magamba mengi yaliyopinda, tunakushauri upime metali nzito. Na kwa kuwa majedwali mengi ya fahirisi yalitungwa kwa mito ya Ulaya, spishi isiyomo humo tunaiandika wazi kwenye ripoti.

Tafadhali usitumie kipimo hiki kuamua kama maji yanafaa kunywa. Vijidudu vya kuhara vina kipimo chao. Wala diatomu hazimtaji mchafuzi. Ukitaka kujua uchafu unaingilia wapi, tuchukue sampuli juu na chini ya mahali unapopashuku.

Ukichukua sampuli mwenyewe, itie ethanoli mara moja na uifunike isipigwe na jua. Lebo iandike kwa penseli. Wino ukiguswa na ethanoli hufutika, na tumewahi kupokea chupa sita zilizochukuliwa kwa uangalifu mkubwa, zote lebo tupu.